Karatasi Iliyofunguliwa Isisomwe: Maisha ya Giordano Bruno

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja.

Mmeniomba nizungumzie mwanafalsafa wa Zama za Mwamko aliyeteswa kwa ajili ya aliyoyaamini. Nimemchagua Giordano Bruno kwa sababu nina deni naye. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu aliandika jina lake ubaoni, akasema, "Huyu alichomwa moto kwa kusema dunia inalizunguka jua," akafuta ubao, tukaendelea na Galileo. Niliibeba sentensi hiyo miaka mingi, na nilipokuja kuwa mwalimu nikawapa wanafunzi wangu vilevile nilivyopewa. Nilipokaa chini nikasoma habari zake taratibu, nikaona kwamba nimewapa watoto wa watu kitu kilichopinda. Kwa hiyo leo nalipa.

Bruno alizaliwa mwaka 1548 katika mji mdogo wa Nola, karibu na Napoli, kusini mwa Italia. Baba yake, Giovanni, alikuwa askari. Mama yake aliitwa Fraulissa Savolino. Mtoto akabatizwa jina la Filippo. Napoli enzi hizo ilikuwa chini ya Hispania, na tangu 1554 mfalme wake alikuwa Filipo wa Pili. Ni mfalme yuleyule aliyekuja kutawala Ureno pia kuanzia 1580, na ni katika utawala wake Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia wa Milano aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Mwaka huohuo wa 1593 Bruno alifikishwa Roma akiwa mfungwa. Nalitaja hili ili tupate kipimo cha wakati. Aliyewahi kugusa kuta zile za Mombasa amegusa kitu kilicho rika moja na kesi ninayotaka kuwasimulia.

Akiwa na miaka 17 aliingia utawani Napoli, katika nyumba ya Wadominiko ya San Domenico Maggiore, mahali alipowahi kuishi na kufundisha Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Huko ndiko alikopewa jina la Giordano. Na matatizo hayakuchelewa. Alitoa picha za watakatifu chumbani mwake akazigawa, akabakiza msalaba peke yake. Alimkuta novisi mwenzake, yaani kijana aliyekuwa bado anajifunza utawa, akisoma kitabu cha mashairi juu ya furaha saba za Bikira Maria, akamwambia akiweke kando, bora asome maisha ya mababa watakatifu. Mlezi wa manovisi akamwandikia mashtaka, halafu siku hiyohiyo akaichana ile karatasi. Alitaka kumtisha tu kijana. Naomba mziangalie karatasi katika maisha ya mtu huyu, maana zitarudi.

Alipata upadre, akahitimu teolojia mwaka 1575. Lakini ndani yake palikuwa na jambo lililokuwa halitulii. Baadaye aliwaambia mahakimu wa Venezia kwamba tangu umri wa miaka 18 alikuwa na shaka juu ya Utatu Mtakatifu: hakuelewa neno "nafsi" linawezaje kusemwa juu ya Mwana na juu ya Roho. Shaka hiyo aliitunza moyoni. Kilichomtoa Napoli kilikuwa mazungumzo ya watawa kwa watawa, pale alipodai kwamba mafundisho ya Ario, mzushi wa kale aliyekana kwamba Mwana ni sawa na Baba, hayakuwa mabaya kama watu wanavyoyasimulia. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na kwa Bruno methali hii ilianza kazi mapema. Mkuu wa shirika katika jimbo lile akafungua mashtaka. Mwaka 1576 Bruno akakimbilia Roma, na huko habari zikamfuata: vitabu alivyokuwa akivisoma kwa siri, maandishi ya mababa wa Kanisa yenye maelezo ya msomi Mholanzi Erasmus yaliyokuwa yamepigwa marufuku, vilikuwa vimepatikana Napoli. Alikuwa amevitupa chooni kabla ya kuondoka. Akatoka Roma, akavua kanzu ya kitawa, akaanza kutembea.

Alitembea kwa miaka 15. Siwezi kuwapitisha katika kila mji, tutakesha. Pale Noli, pwani ya kaskazini, alifundisha watoto sarufi kwa miezi michache ili ale. Akapita Savona, Torino, Venezia, Padova, akavuka milima. Mwaka 1579 akafika Geneva, mji wa Wakalvini, Waprotestanti waliomfuata Calvin, ambako Waitalia waliokimbia nchi yao kwa ajili ya dini walikuwa wengi. Wenzake hao walimpa upanga, kofia na joho, avae kama watu wa mjini. Na kanzu yake ya kitawa, alieleza mwenyewe mbele ya mahakama, aliipeleka kwa fundi, kitambaa kikashonwa suruali.

Nimeifikiria sana suruali ile. Mtu aliyeichukia kanzu angeichoma, na aliyeiheshimu kama zamani angeikunja aiweke. Yeye alikuwa na baridi na hana fedha, na kitambaa kilikuwa kizuri bado. Tunapomfanya mtu sanamu ya shaba tunasahau kwamba alikuwa na miguu iliyohitaji kufunikwa.

Geneva alipata kazi ya kusahihisha chapa kiwandani. Lakini alimsikiliza profesa mmoja wa falsafa, Antoine de la Faye, akahesabu makosa 20 katika mhadhara mmoja, akayachapisha. Akakamatwa, yeye na mchapaji wake. Wakalvini wakamtenga na ushirika wao mpaka alipokiri kosa, na alipokiri, akaondoka. Basi mnaona: wa kwanza kumtia ndani hawakuwa Wakatoliki. Miaka kumi baadaye, huko Helmstedt, Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri naye akamtenga hadharani. Bruno alitengwa na makanisa yote matatu makubwa ya Ulaya magharibi ya wakati wake. Nasema hili kwa sababu wapo wanaolitumia jina lake kama rungu la kupigia kanisa moja. Ukiisoma kesi yote, rungu hilo halishikiki.

Katikati ya kuhangaika huko alipata pia miaka mizuri. Toulouse alifundisha. Paris, mwaka 1581, akaanza kujulikana kwa kumbukumbu yake. Zama zile, mtu aliyetaka kukariri mambo mengi alijifunza sanaa maalumu: unaijenga nyumba akilini, unaweka picha katika kila chumba, kisha unapita chumba kwa chumba ukiziokota. Bruno aliiendeleza sanaa hiyo kuliko wengi, akaichanganya na duara zinazozunguka na herufi na nyota. Mfalme Henri wa Tatu akamwita, akamuuliza: kumbukumbu hii ni ya maumbile au ni uchawi? Bruno akamthibitishia kuwa ni elimu, akamwandikia kitabu, na mfalme akampa nafasi ya kufundisha. Lakini swali la mfalme lilikuwa na mzizi. Bruno aliamini kweli kwamba vitu vyote vimefungamana kwa nguvu zisizoonekana, na aliandika juu ya uchawi kama tawi la elimu. Tukimkata upande huo ili afanane na mwanasayansi wa leo, tunabaki na mtu mwingine asiyewahi kuishi.

Mwaka 1583 akavuka kwenda Uingereza, akakaa London nyumbani kwa balozi wa Ufaransa, Michel de Castelnau. Alikwenda Oxford, akahojiana na maprofesa, wakagombana. Wao walisema ameiba maneno ya Ficino, mwanafalsafa wa Firenze. Yeye alisema hawana adabu. Katika kitabu chake cha mwaka uliofuata, mhusika mmoja anauliza kama madaktari wale wa Oxford wanajua Kigiriki. Anajibiwa: "Na bia pia." Hakuwa mtu mpole, jamani. Alipoona ujinga aliutaja kwa jina, na mara nyingine aliuona hata pale palipokuwa na mtu anayefikiri tofauti tu.

Kitabu hicho kinaitwa *La Cena de le Ceneri*, yaani karamu ya Jumatano ya Majivu. Kinasimulia safari ya usiku ya kwenda kula chakula na kujadili mafundisho ya mwanaastronomia Copernicus. Wanapanda mtumbwi mkuukuu kwenye mto Thames, wapiga makasia wazee, mbao zinalia. Wanashushwa kabla ya kufika, wanaingia kwenye tope, gizani, hawaoni pa kukanyaga, mwisho wanajikuta karibu na walikoanzia. Ndipo wanafika mezani, na huko mezani Bruno anaanza kuzungumzia mbingu. Kwangu mimi ukurasa huo wa tope na ukurasa wa nyota ni kitu kimoja: huyu alikuwa mtu wa kutazama juu huku viatu vimejaa matope.

Sasa, alisema nini hasa? Copernicus alikuwa amechapisha kitabu chake mwaka 1543, akaliweka jua katikati na dunia ikalizunguka. Lakini Copernicus aliacha ukuta: nje kabisa kulikuwa na tufe la nyota, limetulia, ulimwengu unaishia hapo. Bruno aliubomoa ukuta. Alisema nyota ni majua, na kwamba yanazungukwa na dunia nyingine kama yetu, zenye uhai. Alisema ulimwengu hauna ukingo, na kitu kisicho na ukingo hakina katikati. Popote utakaposimama, hapo utaona kama ndipo kati. Mkaaji wa mwezini ataiona dunia yetu juu yake kama sisi tunavyouona mwezi. Hakuwa na darubini. Galileo hakuielekeza darubini angani hadi mwaka 1609. Bruno hakupima wala hakupiga hesabu kama wanaastronomia, na mengine aliyoyasema yalikuwa makosa. Alifika kwa njia ya hoja, na hoja yake kubwa ilitoka ndani ya dini yenyewe: Mungu asiye na mwisho, kwa nini aumbe kidogo? Kwa nini uwezo usio na mpaka uzae kazi yenye mpaka?

Tulieni kidogo hapo. Kwa Bruno, kuufunga ulimwengu ndani ya tufe kulikuwa ni kumpunguzia Mungu utukufu.

Akarudi Paris, akaenda Ujerumani. Wittenberg, mji wa Luther, walimpokea akafundisha karibu miaka miwili, na alipoondoka mwaka 1588 aliwatolea hotuba ya kuwashukuru, kwa kuwa walimpokea bila kumhoji juu ya dini yake. Ni katika maneno machache ya furaha tuliyonayo kutoka kwake. Prague, mtawala Rudolf wa Pili akampa taler 300, sarafu za fedha za huko. Akaenda Helmstedt, akaishia Frankfurt, mji wa maonesho ya vitabu, ambako mwaka 1591 alichapisha mashairi yake makubwa ya Kilatini. Moja linaitwa *De immenso*. Nitalirudia mwishoni.

Hapo Frankfurt ndipo ilipomfikia barua. Bwana mmoja wa ukoo mkubwa wa Venezia, Giovanni Mocenigo, alikuwa amenunua kitabu chake katika duka la Giovan Battista Ciotti, akataka afundishwe kumbukumbu, na Ciotti ndiye aliyepeleka mwaliko. Bruno akakubali. Watu wameshangaa karne nne: mtu aliyetoroka mashtaka Italia, anarudije Italia? Alikuwa na miaka 43. Miaka 15 alikuwa akila mikate ya watu katika lugha za watu. Venezia ilikuwa jamhuri yenye sifa ya kutopenda kuamriwa na Roma, na chuo kikuu cha Padova karibu hapo kilikuwa na nafasi wazi ya kufundisha hisabati. Alikwenda Padova, akafundisha faraghani. Nafasi ile mwaka 1592 alipewa Galileo.

Alihamia nyumbani kwa Mocenigo mwezi Machi 1592. Mwenyeji wake aliona hafundishwi yote. Alidhani mgeni anamficha siri. Bruno aliposema anataka kurudi Frankfurt kuchapisha vitabu, Mocenigo akaja usiku na mtumishi wake na wapiga makasia kadhaa, wakamtoa kitandani, wakamfungia darini. Hiyo ilikuwa tarehe 22 Mei. Kesho yake Mocenigo akaandika barua kwa Mahakama ya Uzushi, ile Inkwizisyo, akisema anafanya hivyo kwa wajibu wa dhamiri na kwa agizo la padre anayemwungamisha. Aliandika kwamba amemsikia Bruno akisema mkate haugeuki mwili, kwamba hakuna nafsi tatu katika Mungu, kwamba Kristo alifanya miujiza ya kiini macho, kwamba roho huhama kutoka mwili hadi mwili, kwamba ulimwengu ni wa milele na dunia ni nyingi zisizohesabika. Angalieni dunia nyingi zimekaa wapi katika orodha hiyo. Zimo, lakini ni shtaka kati ya mashtaka, na kinachobeba uzito ni Utatu, Kristo na Ekaristi. Hapo ndipo ile sentensi ya kidato cha pili inapovunjika.

Na mgeni wako amelala nyumbani kwako, amekula chumvi yako. Sina maneno makali ya kumwongezea Mocenigo zaidi ya kulisema hilo.

Mbele ya mahakimu wa Venezia Bruno alijibu kwa utulivu. Alisema ameandika kama mwanafalsafa, kwa mwanga wa akili, wala hakulenga kuishambulia imani. Shaka yake juu ya Utatu aliikiri. Mengine aliyakana. Tarehe 30 Julai 1592 alipiga magoti, akaomba msamaha, akaahidi kurekebisha maisha yake ikiwa ataachiwa uhai. Waliandika kwamba walimwambia mara kadhaa ainuke.

Naomba tusimvushe haraka Bruno huyu aliyepiga magoti. Vitabu vingi vya sifa humruka, wanamtaka awe jiwe tangu kuzaliwa. Mimi kwangu ndiye ninayemwamini zaidi. Alitaka kuishi, na alikuwa na vitabu kichwani ambavyo havijaandikwa.

Kama kesi ingeishia Venezia, pengine angepewa kitubio na kuachiwa. Roma ikamdai. Jamhuri ikasita, kisha Januari 1593 ikakubali kumtoa. Tarehe 27 Februari akaingia katika jengo la Inkwizisyo mjini Roma. Mfungwa mwenzake wa Venezia, mtawa aliyeitwa Celestino wa Verona, naye akaandika mashtaka mapya dhidi yake, akidai ameyasikia wakiwa selini. Celestino huyo mwenyewe alichomwa moto Roma mwezi Septemba 1599. Hofu ilikuwa ikila wote waliomo mle, aliyeshtaki na aliyeshtakiwa.

Kisha ikaja miaka saba. Kuna mambo machache ya kusimulia, maana kesi ile ilikwenda kwa karatasi: vitabu vyake vilitafutwa, vikasomwa, vikachambuliwa, maswali yakaandikwa, majibu yakaandikwa. Mwaka 1597 akaingia katika kazi hiyo Roberto Bellarmino, Mjesuiti, msomi wa hali ya juu, mtu wa sala na maisha safi, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1930. Sipendi kumchora kama jitu la kutisha. Nadhani ni vigumu zaidi, na ni kweli zaidi, kukubali kwamba jambo hili lilifanywa na watu wenye elimu na ibada. Januari 1599 wakampa Bruno maneno manane ya uzushi yaliyotolewa katika vitabu na majibu yake, ayakane. Mwezi Februari akasema yuko tayari. Halafu akaandika maelezo, akataka kutofautisha hili na lile. Septemba akasema tena yuko tayari, na siku chache baadaye akamwandikia Papa, akiyatetea yaleyale. Wao walitaka neno moja. Yeye alitaka mjadala.

Tarehe 21 Desemba 1599 wakamuuliza kwa mara nyingine. Karani akaandika jibu lake: hapaswi wala hataki kutubu, hana la kutubu, na hajui atubu juu ya kitu gani.

Nilipolisoma jibu hilo mara ya kwanza niliona ukaidi. Leo nalisoma polepole, hasa ile sehemu ya mwisho. Hajui atubu juu ya kitu gani. Baada ya miaka saba na nusu kifungoni, mtu huyu bado anaomba kuonyeshwa. Aliwaandikia Papa na makardinali waraka wa mwisho. Tarehe 20 Januari 1600 walikutana mbele ya Papa Klementi wa Nane, na kumbukumbu za kikao zinasema waraka wa Bruno "ulifunguliwa, lakini haukusomwa." Karani wao ndiye aliyeyaandika maneno hayo. Papa akaamuru hukumu itolewe.

Ndugu zangu, mimi ningesamehe mengi. Zama zile watu walichomwa kila upande, na Wakalvini wa Geneva walimchoma Miguel Servet mwaka 1553, mwanateolojia na tabibu, kwa shaka hiyohiyo juu ya Utatu. Sitegemei watu wa mwaka 1600 wafikiri kama mimi. Lakini mlikuwa na karatasi mkononi. Mliikunjua. Mtu aliyekuwa karibu kufa aliweka ndani yake la mwisho alilotaka mlijue, na macho yenu hayakushuka hata mstari mmoja.

Tarehe 8 Februari akapelekwa katika nyumba ya Kardinali Madruzzo, karibu na uwanja wa Navona, akapigishwa magoti, akasomewa. Hukumu ilimkabidhi kwa gavana wa Roma, na ikamwomba gavana apunguze ukali wa sheria, asimtie katika hatari ya kufa wala ya kukatwa kiungo. Ndivyo ilivyoandikwa kila mara, na kila mtu alijua kinachofuata. Mjerumani mmoja, Kaspar Schoppe, aliyekuwapo na hakumpenda Bruno hata kidogo, ndiye aliyetuhifadhia alichosema: "Huenda ninyi mnaitoa hukumu hii kwa hofu kubwa kuliko yangu mimi ninayeipokea."

Mwaka 1600 ulikuwa wa Jubilei, Roma imejaa mahujaji. Usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 17 Februari, ndugu wa chama cha San Giovanni Decollato, ambao kazi yao ilikuwa kuwasindikiza wanaokwenda kuuawa, waliitwa gerezani. Kitabu chao kinaeleza walioletwa kumsihi: Wadominiko wawili, Wajesuiti wawili, wawili wa Chiesa Nuova, na mmoja wa San Girolamo. Watu saba, wakimwonyesha kosa lake mpaka mwisho. Hakukubali. Kulipokucha wakampeleka Campo de' Fiori wakiimba litania. Akavuliwa nguo, akafungwa kwenye nguzo, akachomwa akiwa hai. Jarida la habari lililosambazwa mjini siku mbili baadaye linasema ulimi wake ulikuwa umebanwa, kwa sababu ya maneno mabaya aliyokuwa akiyasema. Linasema pia alitangaza kuwa anakufa shahidi kwa hiari yake, na roho yake itapanda peponi pamoja na moshi ule. Mwandishi akaongeza: sasa anajua mwenyewe kama alisema kweli.

Vitabu vyake vikapigwa marufuku mwaka 1603. Faili la kesi lilichukuliwa na Napoleon pamoja na nyaraka nyingine za Vatikani mwaka 1810, likaenda Paris, na nyaraka nyingi za Inkwizisyo hazikurudi, ziliuzwa kwa viwanda vya karatasi. Kilichobaki ni muhtasari, alioupata mhifadhi wa nyaraka za Vatikani, Angelo Mercati, mwaka 1940. Pale Campo de' Fiori tangu tarehe 9 Juni 1889 imesimama sanamu yake ya shaba, kazi ya Ettore Ferrari, kofia ya kitawa imefunika paji la uso. Asubuhi uwanja ule ni soko. Wanauza mboga, matunda na maua miguuni pake. Mwaka 2000, ilipotimia miaka 400, Kardinali Sodano kwa niaba ya Vatikani aliandika kusikitikia kifo kile. Nilifurahi kuisoma barua hiyo.

Waraka ule wa Januari haupo tena. Lakini niliahidi kurudi kwenye *De immenso*, kitabu alichokichapisha Frankfurt muda mfupi kabla ya kufunga mizigo kwenda Venezia. Humo, katikati ya hoja nzito juu ya ulimwengu usio na mwisho, anaacha kubishana na kusimulia habari ya utoto wake. Nyumba yao ilikuwa chini ya mlima Cicala, mlima mzuri, una mizabibu na mizeituni. Kwa mbali upande wa kusini alikuwa akiuona mlima mwingine, Vesuvio. Aliuona mweusi, kipara, hauna jani. Mlima wake wa nyumbani ukamwambia: huo nao ni ndugu yangu, nenda ukautazame. Akaenda. Alipofika akaukuta umefunikwa na kijani, mizabibu imejaa zabibu, matunda ya kila namna. Akasimama pale, mtoto mdogo, akageuka kutazama alikotoka. Na Cicala, mlima wa kwao, ulikuwa umesimama kule mbali, mweusi, hauna kitu.

Asanteni. Maswali yenu nayasubiri, nimekuja na maji ya kutosha.